Sikio Lilikuwa la Thuweiba

Kaka yangu Mahfudh tumemzika juzi, na tangu wakati huo simu yangu haijatulia. Watu niwajuao na nisiowajua wananiletea makala, picha zake za ujana na maneno ya kumsifu, na karibu wote wanamwita kwa jina moja: Sikio la Maskati. Mmoja kaandika kwamba Mahfudh ndiye aliyetufundisha kuzisikiliza bendi za Kiingereza za miaka ya sitini, kuzipambanua moja na nyengine, na kujua ipi ina nini na ipi imekosa nini. Mwengine, mzee mzima aliyekuwa mkubwa serikalini, kaandika kwamba sikio lile alizaliwa nalo, na kwamba hatatokea mwengine. Nimeyasoma haya nimekaa ukumbi wa wanawake nyumbani kwake Sib, watu wananishika mkono na kuniambia Mungu akupe subira, bibiye. Subira ya kifo ninayo. Subira niliyoikosa ni ya kusikia uwongo ukirudiwa mbele yangu siku tatu mfululizo, nami nikiitikia amina.

Najua kwetu marehemu hutajwa kwa wema tu. Basi wema wake nautaja, tena bila ya kuulizwa. Nilipofanyiwa operesheni alilala kwenye kiti cha hospitali mpaka nikaweza kusimama. Hakupata kunipigia kelele tangu utoto. Watoto wake amewalea kwa upole ambao wanaume wengi wa rika lake hawakuujua. Yote hayo ni kweli na nitayashuhudia popote. Lakini sikio halikuwa lake. Sikio lilikuwa la Thuweiba, na mimi nilikuwepo, na jana Raya, binti wa Mahfudh, aliponiambia, "Shangazi, tuandikie ule mwaka wa Matrah, baba alipoanza," nikamwambia nitaandika. Hakujua anaomba nini.

Tulivyotoka Unguja na tulivyofika huku wameshayaeleza wengi, tena vizuri kuliko mimi. Mimi nataka mwaka mmoja tu, miaka ya sabini ndiyo kwanza imeingia, na nyumba moja, ya Bi Zeyana, ghorofani nyuma ya soko la Matrah. Bi Zeyana alikuwa shangazi yake mama, mjane, na nyumba yake aliijaza watu kwa kuwa hakupenda kusikia milango ikijifunga peke yake. Juu palikuwa na vyumba vitatu. Kimoja chake, kimoja changu mimi na Thuweiba, na cha tatu cha Mahfudh, ambacho mchana kilikuwa cha kila mtu kwa sababu ndicho kilichokuwa na dirisha la kupata upepo. Kuta zilikuwa nene, zimepakwa chokaa iliyokuwa ikituchafua mabega, na sakafuni pametandikwa mikeka miwili tuliyokuja nayo. Harufu ya chumba kile ilikuwa ya ubani wa Bi Zeyana, ya papa mkavu wa jirani, na ya vumbi la barabara ya pwani, maana ndiyo kwanza ilikuwa ikijengwa na mashine zake hazikunyamaza mpaka adhana ya adhuhuri.

Thuweiba hakuwa wa damu yetu. Tulisoma darasa moja Unguja, akaja Maskati na mjomba wake, na mjomba alipopata kazi Salala akamwacha kwetu. Alikuwa mrefu, mwembamba, si msemaji, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mtu anapozungumza, utadhani anasikiliza kilichokuwa nyuma ya maneno. Baba yake alikuwa mpiga fidla, akimkalisha karibu na kiti chake wakati wa mazoezi, basi huyu alijua tangu mdogo kwamba wimbo si kitu kimoja. Ukimwambia, "Wimbo huu mzuri," atakuuliza, "Wapi?"

Mahfudh alikuwa karani kwa Waingereza waliokuwa wakijenga bandari. Mmoja wao, mhandisi, aliporudi kwao alimwachia gramafoni ya betri na boksi zima la santuri. Nakumbuka alivyolipandisha ngazi boksi lile, amelikumbatia, jasho linamtiririka, na Bi Zeyana amesimama mlangoni anauliza, "Vyombo?" "Muziki, bibi." "Basi usiuweke karibu na unga wangu." Mle ndani mlikuwa na bendi nyingi, nyengine hatukuzisikiliza mara mbili. Zilizobaki zilikuwa nne, na dunia nzima inayajua majina yao, lakini sisi tuliyabandika yetu. Wale wanne wa Liverpool tuliwaita Wabandari, kwa kuwa ni watoto wa mji wa bandari kama sisi. Wale wa London wenye mwimbaji mdomo mkubwa na nyuso za kununa, Walondoni. Wale waliokuwa wakiyapiga magitaa yao chini jukwaani mpaka yakavunjika vipande, Wavunjaji. Na wale waliokuwa na ndugu wawili ndani yao, ambao tulisikia kwamba waligombana kila walipokutana, tukawaita Ndugu Wawili. Tulikuwa tumechelewa, hilo tulilijua. Wabandari walikuwa wameshaachana kila mtu na njia yake, nasi ndiyo kwanza tunabishana nani kati yao ana sauti.

Na tulibishana kwelikweli. Ijumaa baada ya chakula ndio ulikuwa wakati wenyewe. Bi Zeyana alipika wali wa nazi pale nazi zilipopatikana, na zisipopatikana alipika wali mweupe akaulaumu mji wote wa Matrah, na samaki wa kukaanga, na pilipili ya kuponda na ndimu kavu. Tukila sinia moja, sisi watatu na yeye, na gramafoni juu ya sanduku la nguo. Mahfudh alikuwa Mbandari, na sababu zake zilikuwa kwamba kila mtu duniani ni Mbandari. Mimi nilikuwa Mlondoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule yangu ilikatwa katikati, wanawake wa kisimani walikuwa wakicheka Kiarabu changu na kuniuliza kama kweli mimi Mwarabu, na nikataka muziki wa watu wenye hasira. Walondoni walionekana na hasira za kunitosha.

"Hawana sauti," Mahfudh alikuwa akisema. "Yule mwimbaji wao anabweka."

"Abweke! Wako wanaimba kama watoto wa chuoni wanaotaka kusifiwa na maalim."

"Wanaimba sauti tatu kwa pamoja, Zuhura. Tatu!"

"Na hata mia. Mimi hawanisogezi."

Hapo ndipo Thuweiba, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akichambua miba ya samaki, alipokuwa akisema lake. Hakusema kwa kushindana. Alisema kama anayetueleza kwamba mlango uko wazi. "Nyote wawili hamsikilizi gitaa la besi," alituambia siku moja. "La Wabandari linaimba wimbo wake wenyewe chini ya wimbo. Ukiondoa sauti zote tatu bado utabakiwa na wimbo. La Walondoni haliimbi, linatembea. Wao uzuri wao uko kwa mpiga dramu, anachelewa kidogo, kidogo sana, na wenzake wanamngoja. Ndiyo maana mtu anataka kutikisa bega." Akanyanyuka, akairudisha sindano nyuma, akatushikia vidole juu hewani, na pale hasa alipoviteremsha ndipo dramu ilipolia, nyuma ya pale sisi tulipoitarajia. Mimi niliwahi kuusikia wimbo ule mara nyingi sana kabla ya siku hiyo. Sikuwa nimeusikia.

Miezi mingi ilikwenda hivyo. Alituambia kwamba Wabandari hawakurudia wimbo, kila mmoja ulishonwa kwa mwili wake, na Walondoni walikuwa na wimbo mmoja mzuri sana wakawa wanaubadilisha makoti. Alituambia kwamba Wavunjaji wana mpiga dramu anayeanguka ngazi nzima na masufuria yake na akifika chini kasimama. Lakini aliowapenda yeye ni Ndugu Wawili, ambao sisi tuliwaona wa nne na wa mwisho. "Hawa hawaigi Wamarekani," alisema. "Wanaimba habari za kwao. Mtu na chai yake, mtu na mtaa wake uliovunjwa. Wanaimba kama watu waliohama bila ya kuondoka." Bi Zeyana, asiyejua Kiingereza hata neno, akauliza jikoni, "Nani kahama?" na tukacheka, kisha hatukucheka tena kwa muda.

Na jengine alilotuonesha, ambalo mimi sikulisahau, ni yale maandishi madogo katikati ya santuri, chini ya jina la wimbo. Alikuwa akiyasoma kwa kuisogeza dirishani. Walondoni walipoanza, nyimbo zao nyingi zilikuwa si zao. Zilikuwa za watu weusi wa Marekani, wazee waliokuwa wakiimba huko kabla hawa hawajazaliwa. Mimi nilipojua nilighadhibika, nikasema basi ni wezi. Thuweiba akanionesha kidole. "Soma. Jina la mwenyewe liko hapa. Dogo, lakini liko."

Baada ya mfungo mosi, Idi imeshapita, Mahfudh akaja na habari. Redio ilikuwa inataka kuanzisha kipindi cha bendi za Kiingereza kila Alkhamisi alasiri, na Mwingereza aliyekabidhiwa kazi hiyo, mtu wa ndevu nyekundu, anatafuta kijana wa hapa anayeweza kusema kwa Kiingereza kizuri. Mahfudh alikuwa na sauti, hilo hakuna aliyelipinga. Ilikuwa nzito, ya taratibu, hata akiomba chumvi unataka kumsikiliza. Ijumaa mbili au tatu zilizofuata nikaona hajibishani tena. Anakula pole pole na anauliza. "Hebu, Thuweiba, nirudilie ile ya besi." "Na wale Wavunjaji ulisema wanaangukaje?" Naye akimrudilia, mkono una samaki, anafurahi kuulizwa. Mahfudh hakuwa na haja ya kuandika. Alihifadhi juzuu nyingi akiwa mdogo na kumbukumbu yake ilikuwa kama ndoana, haikuachia.

Siku ya kipindi cha kwanza Bi Zeyana alialika majirani. Palikuwa na halwa na kahawa, wanawake wamejaa mpaka kwenye ngazi, redio imewekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Thuweiba alikaa chini kwa karibu, magoti yamekumbatiwa. Sauti ya Mahfudh ikatoka, na kinamama wakapiga vigelegele hata kabla hajasema kitu. Kisha akaanza. Gitaa la besi linaloimba wimbo wake chini ya wimbo. Dramu inayochelewa kidogo na wenzake wanaoingoja. Makoti. Ngazi na masufuria. Wale waliohama bila ya kuondoka. Moja baada ya moja, kwa mpangilio ule ule, mpaka na pale alipokuwa akinyamaza Thuweiba, naye akanyamaza. Nikamtazama Thuweiba. Alikuwa anacheka! Alikuwa anacheka kwa furaha, kichwa kimelala upande, na nikaelewa kwamba anangoja. Alidhani mwishoni Mahfudh atamtaja. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwishoni kaka yangu akamshukuru yule mwenye ndevu, akamshukuru mhandisi aliyemwachia santuri, akawaaga wasikilizaji, na muziki ukapigwa.

"Alikuwa akisema nini mjukuu wangu?" Bi Zeyana akaniuliza.

Nikamfasiria. Nilimfasiria yote, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Bi Zeyana akaweka kikombe chini.

"Haya si maneno ya Thuweiba haya?" akasema. "Mimi nimeyasikia jikoni."

Thuweiba aliinuka, akakusanya vikombe, na akateremka navyo kuviosha.

Mahfudh alirudi magharibi, kashuka kwenye teksi na sahani ya halwa mkononi, uso unang'aa kama bwana harusi. Nilimkuta ngazini. Sikumpa nafasi ya kupanda.

"Jina la Thuweiba liko wapi?"

"Jina gani?"

"Umesema maneno yake saa nzima. Jina lake liko wapi?"

Akacheka kidogo. "Zuhura, maneno ya barazani hayana mwenyewe. Tulikuwa tukizungumza sote."

"Sote? Niambie moja ulilolisema wewe. Moja tu, Mahfudh, nami n'takuomba radhi hapa hapa."

Akaihamisha sahani ya halwa mkono wa pili. Kisha akasema kile ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa naosha vyombo huviweka vyombo chini. Akasema, "Na yeye mtoto wa kike angekwenda vipi redioni?"

Wanaotuandikia makala siku hizi wanapenda sana kusema hivyo. Zama zile, wanasema, mwanamke hakuweza. Uwongo mtupu! Binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa akisoma habari redio hiyo hiyo. Mimi mwenyewe asubuhi nilikuwa nakwenda ofisini, napiga taipu katika chumba chenye kiyoyozi, na Bi Zeyana ndiye aliyekuwa akinihimiza nisichelewe gari. Nchi ilikuwa inatafuta kwa tochi watu waliosoma, wa kike na wa kiume. Mlango ulikuwa wazi siku ile. Aliyesimama mlangoni alikuwa ni kaka yangu, na hiyo ndiyo sababu nimekasirika kwa muda mrefu hivi: ningaliweza kuukasirikia ulimwengu, ingekuwa rahisi. Nilipaswa kumkasirikia yeye.

"Hata wale Walondoni," nikamwambia, "Wazungu wasiokujua wala kukuona, waliandika jina la mwenyewe!"

Akasema wiki ijayo atamtaja. Wiki ijayo hakumtaja. Iliyofuata akasema nafasi haikupatikana. Nikaacha kumpigia pasi nguo zake, nikaacha kukaa naye sinia moja, na kwa miezi mitatu nilimwambia salamu tu, kwa kuwa salamu ni wajibu. Thuweiba hakumgombeza. Lakini Ijumaa moja Mahfudh alileta santuri mpya, ya bendi ya Birmingham, aliyopewa na yule wa ndevu, akaiweka, wimbo ukaisha, na akageuka. "Unawaonaje hawa, Thuweiba?" Thuweiba akachukua tonge, akalitafuna, akalimeza. "Sina la kusema," akajibu. Huo ndio ulikuwa mwisho wa Ijumaa zetu. Gramafoni ilibaki juu ya sanduku, na chumba kile chenye upepo kikawa cha Mahfudh peke yake, mchana na usiku.

Lakini sijafika kwenye lililo baya zaidi. Miezi hiyo mitatu ilipokwisha redio ikatangaza kwamba wanataka sauti ya kike kwa kipindi cha pili. Mimi nilimshika Thuweiba mkono, na nasema nilimshika kwa maana ya kumshika, nikamtia kwenye teksi. Njia nzima alikuwa akipangusa viganja kwenye buibui. Yule mwenye ndevu nyekundu alitupokea vizuri, akatuletea soda, akaniruhusu kukaa nyuma ya kioo. Akamwambia Thuweiba aseme chochote juu ya bendi aipendayo. Thuweiba akazungumza juu ya Ndugu Wawili. Alizungumza kwa Kiingereza cha shule yetu, safi, bila ya haraka, na mahali fulani aliinamisha kichwa na kuimba mlio wa gitaa kwa mdomo, na fundi aliyekuwa kando yangu akaacha kuandika akamtazama. Nilisema moyoni, leo haki imepatikana.

Mwingereza alipotoka alikuwa anatabasamu. "Vizuri sana," akasema. "Lakini haya ni mambo ya Mahfudh. Wote wanaomsikiliza Mahfudh wamekuwa wakizungumza kama yeye. Nenda ukatafute kitu chako mwenyewe, kisha urudi."

Nilisimama. Nikamwambia, nilimwambia wazi, kwamba Mahfudh ndiye aliyeyachukua kwa huyu, kwamba mimi ni dadake, tunakaa nyumba moja, na amuulize bibi yetu. Akacheka kwa huruma. Akasema ndugu siku zote huoneana wivu, na kwamba yeye mwenyewe ana dada. Nikamwambia sisemi habari ya dada yako. Thuweiba akanivuta buibui. "Twende, Zuhura." Nje jua lilikuwa linaunguza, teksi haikuonekana, tukasimama chini ya kivuli cha ukuta. Nilitaka arudi tumfokee mtu. Nilitaka alie. Yeye alikuwa anatazama barabara tu, kisha akasema, pole pole, kama anayefikiria, "Nimejisikia mwenyewe mle ndani. Kweli nazungumza kama Mahfudh."

Sijapata kusikia neno la dhulma kupita hilo, na nimeishi miaka mingi.

Mwaka uliofuata Thuweiba alipata kazi ya ualimu, akaolewa Sib na mtu mwema, akasomesha Kiingereza watoto wa watu mpaka akastaafu. Tulionana harusini na misibani. Nyumbani kwake hapakuwa na gramafoni, wala kaseti, wala chochote chenye kutoa muziki isipokuwa redio ya jikoni, na hiyo ikiingia kipindi cha Mahfudh ilizimwa. Nilimuuliza mara moja tu kama ana hasira. Akanambia hasira imemwacha yeye ikaja kwangu, na nikae nayo kwa kuwa ninaitunza vizuri. Na kaka yangu akasifiwa. Anayetaka kujua ukweli na achukue vipindi vyake vya miaka yote ile avisikilize. Kile cha kwanza kina uhai. Vyengine vyote ni sauti nzuri ikisoma yaliyoandikwa nyuma ya majalada ya santuri, na kila alipoishiwa alirudi kwenye besi, na kwenye makoti, na kwenye ngazi na masufuria. Alikula chakula cha Ijumaa chache kwa umri mzima.

Nimeandika mpaka hapo jana mchana, hasira imenijaa, na nilifikiri nimemaliza. Lakini jana hiyo hiyo baada ya alasiri Thuweiba akaja azaa, hapa tulipokaa msiba. Mwanawe ana gereji mtaa wa Ghala, alimleta na gari la kazini, na akaingia ukumbini kwa mkongojo, mrefu vile vile, akanikumbatia na kunipa mkono wa msiba kama inavyostahiki, akakaa kando yangu. Wanawake walikuwa wengi. Nikamwona Raya anakuja na simu mkononi, macho yamevimba kwa kulia, na nikajua analotaka kufanya wala sikuweza kumzuia. Alikuwa amekipata kile kipindi cha kwanza, kuna mtu alikihifadhi kwenye kaseti miaka yote hiyo. Bibi mmoja akauliza kama azaa ni pahala pa muziki. "Si muziki, bi mkubwa," Raya akasema, "ni sauti ya baba anazungumza tu. Nyimbo wamezikata." Akaiweka simu juu ya meza, katikati yetu.

Ikatoka ile sauti. Nilikamata tasbihi yangu kwa mikono miwili. Kaka yangu ana miaka ishirini na tatu, yuko hai, na anasema maneno ya mtu aliyekaa ubavuni mwangu. Nilimlilia na nilimkasirikia kwa pumzi moja. Thuweiba alikuwa amefunga macho. Kipindi kikaenda, kikaenda, kikafika pahala ambapo mimi nilikuwa nimepasahau kabisa: Mahfudh anasema kwamba mpiga dramu wa Wabandari ni wa kawaida tu, ana bahati ya kukaa na wenzake, na kwamba mpiga ngoma yeyote wa harusi angaliweza kukikalia kiti chake.

"Hapo nilikosea," Thuweiba akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya. Raya akainua uso.

"Nani alikosea, bi Thuweiba? Baba?"

"Mimi." Akafumbua macho. "Nilikuwa mdogo, nikipenda kishindo. Yule hakuwa wa kawaida hata kidogo. Alikuwa anapiga kile tu ambacho wimbo unakitaka, na panapotakiwa kunyamazwa ananyamaza. Hilo gumu kuliko kuanguka ngazi. Nimekuja kulijua baadaye sana, nasikia wimbo wao dukani, nimesimama na mkate mkononi. Nilitaka kumwambia baba yako alirekebishe, lakini tulikuwa hatuzungumzi muziki tena, mimi na yeye."

Raya alimtazama, kisha akanitazama mimi. Niliuona uso wake unatafuta pa kushika, na nikaona alipopata: maneno yale hayakuwa ya baba yake. Yule ni binti wa kaka yangu, amempoteza baba wiki hii, na nilijiandaa kumwona akisimama na kutoka. Mimi nisingemlaumu. Sikuyaondoa macho yangu kwake. Kaka yangu nimemwombea kila sala tangu siku aliyokufa, na sijamsamehe, na nayafanya yote mawili kwa moyo safi.

Raya aliizima simu. Akateremka kwenye kochi, akakaa chini kwenye zulia mbele ya Thuweiba, mikono imekumbatia magoti.

"Na yale mengine?" akauliza, sauti imekatika. "Yale mengine yote, bado unayaona hivyo?"

"Mengine," Thuweiba akasema, "yataka muda kuyaeleza."

"Muda upo, bi."

Thuweiba akaegemeza mkongojo wake ukutani, akafikiri kidogo, na akaanza na gitaa la besi. Alizungumza kwa Kiswahili, taratibu, na wanawake waliokuwa wamekaa karibu na mlango, waliokuja kumlilia Sikio la Maskati, wakasogea ndani mmoja mmoja ili wasikie.